Sabuni Iliyojua Moto

Habari hii ni kweli tupu. Haijatiwa chumvi, haijaongezwa maji, wala haijapakwa rangi ili ing'ae. Asiyeamini aende mwenyewe karakanani akaone fremu iliyokatika. Mpaka leo imening'inizwa ukutani, juu ya mtungi wa gesi, na chini yake pana ndoo. Ndoo hiyo nayo ina sababu yake, itafika zamu yake.

Anayeijua habari hii kuliko wote ni fundi mmoja mstaafu. Watu walimwita Mzee Naapa, kwa kuwa hakuweza kukuambia hata ni saa ngapi bila kuapa kwanza. Alikunja mabomba ya alumini kwa miaka arobaini. Hakusomea popote, alijifunza kwa kuunguza vidole. Alipochoka alimwachia binti yake karakana, akajitafutia kazi mpya: kukaa karibu na mlango na kuwahadithia wateja mambo ambayo hayajawahi kutokea. Na siri ya kazi hiyo hakumficha mtu.

"Uongo usio na idadi hauna miguu," alikuwa akisema. "Ukimwambia mtu uliona nyoka wengi, anapiga miayo. Mwambie nyoka kumi na wanne, mmoja kilema. Hapo hata hakimu anasogeza kiti."

Karakana ilitengeneza viti vya magurudumu. Binti aliiendesha kwa rula na penseli. Wafanyakazi walimwita Bosi mbele yake, na nyuma yake walimwita Nusu Milimita. Mkunjaji wake, yule wa kuyapasha mabomba moto na kuyapinda yakawa magoti na migongo ya viti, aliitwa Polepole. Jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alikuwa mtu ambaye akipiga chafya leo, utaisikia kesho. Lakini mikunjo yake ilikuwa laini kama shingo ya bata, na katika miaka minane hakuna kiti chake kilichowahi kurudishwa.

Sasa, mtu asiyewahi kukunja alumini inafaa aelewe jambo moja. Chuma kina adabu. Ukikipasha moto kinawiva, kinageuka chekundu, kisha rangi ya chungwa, kinakuonya mapema kwamba jamani, mimi hali yangu imebadilika. Alumini haisemi. Ikiwa baridi ina uso uleule, ikiwa moto ina uso uleule, mpaka ghafla inadondoka sakafuni kama uji. Kwa hiyo mafundi wa zamani waliitafutia msemaji. Unachukua sabuni ya mche, unapaka mahali pa kukunja, unapitisha moto wa gesi huku na huku. Sabuni inatoa moshi, inageuka kahawia, kisha nyeusi. Ikishakuwa nyeusi unaondoa moto na kuvuta mpini wa mashine. Mzee Naapa ndiye aliyeileta mbinu hiyo karakanani, naye aliisimulia kama vile aliivumbua mwenyewe, akiwa anaoga.

Wiki ya mkasa ilianza vizuri. Jumatatu Mzee alikuja na shati jeupe kiasi kwamba mteja mmoja aliuliza kama kuna harusi. Siku hiyohiyo bomba moja likapasuka kwenye mashine ya kukunjia. Jumanne yakapasuka mawili. Polepole aliyaweka pembeni, akakuna kichwa, akaendelea. La nne likakubali kukunjika. Likapozwa, likasuguliwa, likafungwa magurudumu, na Jumatano asubuhi Mzee Naapa akakikalia kiti hicho mbele ya wateja wawili, awaonyeshe kinavyomheshimu mtu.

"Kiti hiki," akaanza, akijitupa mgongo kwa maringo, "naapa, kimeshakaliwa na mafahali saba, mmoja wao ana—"

Ta!

Hata mlio wenyewe haukuwa wa metali. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama mtu kavunja biskuti sikioni mwako. Mzee alijikuta chini, miguu juu, gurudumu moja likizunguka peke yake.

"Fahali wa nane huyo!" akasema mteja mmoja, na mwenzake na mafundi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Bosi hakucheka. Alimwinua baba yake, akampangusa vumbi, akahakikisha mifupa iko mahali pake. Kisha akaokota fremu, akautazama mkunjo uliokatika.

"Angekuwa mgonjwa je?" akasema. "Angekuwa mtu ametoka kupasuliwa nyonga?"

Kicheko kikaisha.

"Kuna mambo mawili tu," akaendelea, akimgeukia Polepole. "Moto, au mkono. Umeipasha vipi?"

"Kama siku zote, Bosi. Mpaka sabuni ikawa nyeusi."

"Basi isije ikawa sabuni ndiyo..."

"Sabuni?" Mzee Naapa alisahau kiuno kinachouma. "Mama, usiiguse sabuni! Mimi nimeitumia kabla hujaota meno. Sabuni haidanganyi. Naapa mbele ya mtungi huu wa gesi: siku sabuni itakapodanganya juu ya moto, nitafua maovaroli yote ya karakana hii kwa mkono, mwezi mzima, na kuanika nitaanika mimi."

Wateja wakapiga makofi. Mzee akainama kidogo, kama mwimbaji. Kiapo kilimpendeza mwenyewe, wala hakuona kwamba kilikuwa kimemfunga mtu mwingine. Maana kama moto ulikuwa sawa, kosa lilikuwa la mkono, na mkono ulikuwa wa Polepole.

"Utakuwa umevuta kwa haraka," Bosi akasema, taratibu.

"Mimi?" Polepole akajitazama viganja. "Haraka?"

"Sijui nisemeje, kaka yangu. Nne kwa siku tatu. Siwezi kumpa mtu kiti nikalala usingizi. Ijumaa utakabidhi aproni."

Polepole alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Kiti cha mama yangu nilikikunja mimi," akasema. "Anakikalia mwaka wa sita huu. Kama mkono umeharibika, Bosi, nionyeshe ulipoharibika. Nikamtoe mama kwenye kile kiti kabla sijakabidhi kitu."

Bosi akazifunga zile ncha mbili za bomba kwenye kitambaa, kama mtu anayefunga kidonda.

"Kesho asubuhi twende chuoni kwa Mwalimu," akasema. "Yeye ana mashine ya kuuliza."

Mzee Naapa hakualikwa. Alikuwa wa kwanza kuingia kwenye gari.

*

Mwalimu alisoma darasa moja na Bosi, na sasa alifundisha upimaji wa metali katika chuo cha ufundi. Chumba chake kilinukia mafuta ya mashine na vitambaa safi. Katikati ilisimama mashine ndefu kuliko mtu, yenye nguzo mbili na taya mbili, moja juu, moja chini. Katikati ya taya palikuwa na tanuri dogo lenye kidirisha cha kioo, dogo kiasi cha kukaa mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naapa, mashine kama hii niliwahi kuifungua yote, nikabakiwa na skrubu tis—"

"Baba."

"Nimenyamaza."

Mwalimu alikata vipande kutoka kwenye bomba zima walilokuja nalo, la furushi moja na yale yaliyopasuka. Kila kimoja kilikuwa kipana ncha zote mbili na chembamba katikati, mfano wa mfupa wa kuku. Akavipanga mezani.

"Metali inaulizwa maswali mawili," akasema. "Una joto kiasi gani? Na unavutwa kwa kasi gani? Watu hupenda kuuliza moja wakasahau la pili. Kumbe jibu la moja limo ndani ya lingine. Tuanze na baridi."

Taya zikauma kipande cha kwanza, zikaanza kuachana. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulipanda kama mtu anayepanda ngazi. Kipande kikarefuka kidogo, kikabana kiuno, kikakatika. Ta.

"Hiyo naijua," Mzee akasema, akakunja mikono. "Hiyo ni alumini ya kila siku."

"Sasa nyuzi mia tatu, na nitavuta polepole."

"Umeniita?" Polepole akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu jana mtu akatabasamu.

Tanuri lilipopata joto lake, Mwalimu aliwasha mashine, akavuta kiti, akakaa. Hakuna kilichoonekana kutokea. Mzee Naapa alisogea kwenye kidirisha kutazama nini kimekwama. Ndipo akaona.

Kile kipande kilikuwa kinatembea. Si kwa macho ya kutazama mara moja. Ilibidi uangalie ukwaruzo fulani mdogo, usubiri, na ukwaruzo ule unakuta umehama. Taya zilikuwa zikiachana kwa mwendo wa kucha inayoota, na alumini ilikuwa ikizifuata bila kugombana. Ikapita urefu ambao kile cha baridi kilikatikia. Ikaendelea. Katikati yake ikawa nyembamba kama penseli, kisha kama kijiti, lakini haikupasuka. Mtu huyu ambaye hakuwahi kunyamaza dakika mbili mfululizo, hata kwa daktari wa meno, alisimama pale dakika ishirini na pumzi yake ikaandika ukungu kwenye kioo.

"Jamani," akanong'ona hatimaye. "Haivutwi hii. Inajinyoosha. Kama paka anayeamka."

Ilipokatika haikutoa hata sauti. Iliachana tu, kama uzi wa asali. Mwalimu aliweka ncha mbili mezani karibu na kile cha kwanza. Kilikuwa kimerefuka karibu mara mbili.

"Sasa moto uleule," akasema, "ila nitavuta kwa kasi."

Safari hii hapakuwa na cha kungojea. Taya ziliruka, na kabla Mzee hajapepesa jicho kipande kilikuwa kimekatika, kimerefuka nusu tu ya mwenzake, na mstari kwenye kompyuta umepanda juu zaidi.

"Subiri kwanza," Mzee akasema. "Bomba moja?"

"Bomba moja."

"Moto mmoja?"

"Mmoja. Nimeinyima muda tu." Mwalimu akavishika vipande vyote viwili. "Ndani yake kuna shughuli, mzee. Ikiwa moto, na ikivutwa taratibu, inapata nafasi ya kujipanga upya: hapa panalegea, pale panakazwa, mzigo unagawanywa. Ukiiharakisha, mzigo unafika kabla haijajipanga. Inakuwa ngumu zaidi, na inachoka mapema."

Mzee alikipapasa kiwiko chake cha kulia bila kujua. Kwa miaka arobaini kiwiko hicho kilikuwa kinamwambia, ukivuta mpini, ni lini bomba limekubali. Alijua kukubali kwenyewe. Hakuwahi kujiuliza ni nani, mle ndani, alikuwa anakubali.

"Cha mwisho," Mwalimu akasema. "Nyuzi mia tano na sabini. Karibu kabisa na kuyeyuka, lakini bado. Na nitavuta taratibu sana, nisiionee."

Mzee alirudi kidirishani. Alitegemea ya paka, tena zaidi. Kwa akili yake, moto ukizidi na upole ukizidi, kipande kingerefuka mpaka mlangoni. Kilikaa mle, cheupe, kitulivu, uso uleule kama cha baridi. Taya zikaanza kuachana. Mstari kwenye kompyuta haukupanda hata nusu ya ngazi.

Ta.

Mfupi. Mkavu. Biskuti.

Bosi na Polepole walitazamana. Mlio huo waliusikia Jumatano.

*

Mwalimu aliweka ncha ya kipande kilichovutwa polepole kwenye nyuzi mia tatu chini ya hadubini, picha ikatokea kwenye kioo kikubwa ukutani.

Mahali palipokatika, ambapo kwa macho palikuwa na vumbivumbi la kijivu tu, palikuwa na vikombe. Maelfu ya vikombe, vimepangana ukingo kwa ukingo kama sega la nyuki lililotengenezwa na nyuki mlevi. Vingine vikubwa, vingine vidogo, kila kimoja na ukingo mwembamba unaong'aa.

"Metali haikatiki mara moja," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba angeviamsha. "Ndani yake vinafunguka vishimo, vidogo sana. Vinakua. Ukiipa joto la kutosha na muda wa kutosha, vinakua vikubwa na virefu kabla ya kukutana. Kila kikombe mnachokiona ni nusu ya kishimo. Nusu nyingine iko kwenye ncha ya pili."

"Na vyote hivi," Mzee akauliza, "vilikuwa vinafunguka wakati mimi nimesimama pale natazama?"

"Wakati huohuo."

Mzee alivua kofia. Hakujua kwa nini, ila ilionekana vibaya kuwa nayo kichwani.

Kisha Mwalimu akaweka ncha ya kile cha nyuzi mia tano na sabini. Vikombe vikatoweka. Badala yake ukuta ulijaa mawe: punje kubwa zenye pande na pembe, zimeachana safi, kama chumvi ya mawe iliyomwagwa kwenye sinia.

"Metali yote ni ukuta wa punje," akaeleza. "Moto ukizidi, kabla punje hazijayeyuka, kinayeyuka kilichoko kati yake. Ule udongo wa kuunganisha. Kwa nje huoni kitu. Bomba linasimama, linang'aa. Lakini mawe yameshaachana mikono. Hapo hata ukivuta kwa upole wa mama hakuna kinachorefuka. Na hata ukilipoza likawa gumu tena, nyufa zile zinabaki zikikusubiri ukae."

"Weka letu," Bosi akasema.

Mwalimu alifungua kitambaa, akaweka ncha ya fremu iliyomwangusha Mzee. Picha ikatetemeka, ikatulia.

Chumvi ya mawe.

"Mkono ungekuwa na haraka," Mwalimu akasema, "tungekuta vikombe vidogovidogo, vifupi. Hapa hakuna hata kimoja. Mkono huu hauna kosa. Huu ni moto."

Polepole alitafuta kiti kwa mkono wa nyuma, akakaa. Ilimchukua muda hata kukaa. Akakifunika kiganja kimoja kwa kingine, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea.

"Nisamehe, kaka yangu," Bosi akasema.

"Bado," Mwalimu akamkatiza. "Moto mnaupimaje?"

Polepole akatoa kwenye mfuko wa koti mche wa sabuni aliokuja nao, mweupe wenye mistari ya bluu. Mwalimu hakucheka. Alipaka sabuni kwenye bati la alumini, akabana waya wa kupimia joto karibu na doa, akawasha moto, na wote wakasoma namba kwa sauti. Mia tatu: sabuni nyeupe. Mia nne: nyeupe, inatokota. Mia nne na hamsini: rangi ya maziwa. Mia tano. Mia tano na ishirini: kahawia kidogo pembeni. Ilipokuwa nyeusi kabisa, namba ilikuwa mia tano na sitini na sita, na bati lilipoguswa kwa koleo likakatika kona.

"Sabuni imedanganya," Mwalimu akasema.

"Haiwezekani," Bosi akasema. "Nimekua na sabuni hii. Ilikuwa..." Akauchukua ule mche, akaugeuza. "Ilikuwa ya kahawia. Na harufu kali. Hii siyo."

"Mimi nilikuta hii kabatini Jumatatu," Polepole akasema. "Nikajua umebadilisha wewe."

"Sijabadilisha. Na kiwanda cha ile kilishafungwa, ndiyo maana niliweka akiba kabatini." Uso wake ukaanza kubadilika tena, na safari hii ulikuwa na huzuni. "Ufunguo wa kabati lile unao wewe, kaka."

Polepole akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa kuchelewa kusema, na ukimya wake ulianza kufanana na jibu.

Hapo Mzee Naapa akaona afadhali asaidie. Alijipangusa paji la uso, akakohoa, akaweka mguu mmoja mbele, kama alivyofanya kila siku pale mlangoni.

"Msimwonee bure. Hao ni panya. Naapa, niliwaona mwenyewe Jumapili, panya wakubwa kama mapaka, wamepanga mstari kama watu wa posta, wanabeba. Wa mbele anavuta, wa nyuma anasukuma. Walibeba miche yote kumi na mmoja, wakawaachia..."

"Mingapi?" Bosi akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Nani kakuambia kumi na mmoja?"

Mzee akaurudisha nyuma ule mguu.

"Mimi sikumwambia mtu," Bosi akasema. "Polepole hakuwahi kuihesabu, alichukua mmoja mmoja. Niliihesabu mimi Jumamosi, nikafunga. Na Jumapili karakana huwa imefungwa, Baba. Wewe ulifuata nini?" Akasogea karibu na lile shati jeupe, akanusa bega lake mara moja tu. Alikuwa ananusa utoto wake wote. "Baba."

Mzee Naapa alitafuta hadithi. Daima ilikuwepo moja imekaa tayari, imejifunga mkanda. Alitazama juu, na kilichokuwa juu ni ule ukuta wa punje, zimeachana safi, kila moja na pembe zake. Kitu kile hakikuapa, hakikupamba, hakikuongeza fahali hata mmoja. Kilikuwa kimeandika moto wenyewe kama ulivyokuwa, kikaubana ndani, kikangoja atokee wa kukisoma. Hadithi haikuja.

"Mgongo unaniwasha," akasema. "Tangu niache kazi. Sabuni zote zinaniunguza isipokuwa ile. Madukani haipo tena. Nina ufunguo wangu wa zamani. Nikachukua miche kumi na mmoja, nikaweka hii nyeupe, nikaona..." Akaipindapinda kofia. "Nikaona sabuni ni sabuni."

"Wewe?" Bosi akasema. "Wewe uliyenifundisha?"

Mzee alimgeukia Polepole, na mtu huyo ambaye viapo vyake vingejaza pipa akasema bila kuapa:

"Nimekukosea. Nilijisifia sabuni, ukataka kufukuzwa wewe."

Polepole alifikiri. Walisubiri.

"Mama yangu hana haja ya kuondoka kwenye kiti," akasema mwishowe. "Hilo ndilo nilitaka kujua." Kisha akaongeza: "Lakini maovaroli, Mzee, nayakumbuka."

*

Mchana huohuo miche kumi ikatoka chini ya kitanda cha Mzee, na nusu mche ukatoka bafuni. Mwalimu aliipima ile ya kahawia: ikawa nyeusi kwenye nyuzi mia tatu na tisini, na mara ya pili mia tatu na tisini na tatu. Alitikisa kichwa. "Ingekuwa na vyeti, ningeiajiri," akasema. Hata hivyo aliwafungia waya wa kupimia joto, wa kutumia pamoja na sabuni, ili mmoja akilala mwingine awe macho.

Ijumaa, badala ya kukabidhi aproni, Polepole aliivaa. Alipaka sabuni. Moto ukapita huku na huku. Moshi, kahawia, nyeusi. Bosi akasoma namba, akaitikia kwa kichwa. Polepole akauvuta mpini kwa mwendo wake, na Mzee Naapa, aliyesimama ameshika kofia, aliona kwa macho mawili bomba likipinda, na kwa macho mengine, aliyopewa jana, akaona ndani: punje zikilegea hapa, zikikazwa pale, zikigawana mzigo bila kelele, na maelfu ya vikombe ambavyo havijafunguka na, Mungu akipenda, havitafunguka kamwe. Miaka arobaini alikuwa anawahadithia watu maajabu ya kubuni, huku ajabu lenyewe alikuwa amelishika mkononi akidhani ni bomba.

Kiti kilipokamilika wakamwambia akae. Alikaa. Hakusema fahali wangapi. Kiti kikamshika.

Basi ndiyo hiyo ndoo iliyopo chini ya fremu iliyokatika. Kila Jumamosi, kwa mwezi mzima, Mzee Naapa aliketi nje ya karakana na kufua kwa mkono, kwa ile sabuni nyeupe yenye mistari ya bluu, maana ya kahawia ilifungiwa kabatini na ufunguo wake wa zamani ukachukuliwa. Sabuni nyeupe haikuwa na povu hata kidogo. Ilikuwa kama kusugua kwa jiwe la mto. Na mgongo ukamwasha, mikono yote miwili ikiwa majini.

Jumamosi ya kwanza mteja mmoja wa siku ile alipita, akasimama kumtazama.

"Vipi, Mzee? Fahali leo anafua?"

"Acha tu, ndugu yangu," Mzee akasema, akinyoosha mgongo, na macho yake yakaanza kuchangamka bila ruhusa. "Hii adhabu haijawahi kutokea popote. Naapa, tangu alfajiri, nimeshafua maovaroli arobaini na matatu, moja halina..."

"Saba," ikasikika sauti ya Polepole kutoka ndani, bila haraka.

Akatoka mlangoni, akivua la kwake mwilini, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, akalikunjua vizuri na kulitumbukiza kwenye ndoo.

"Na hili," akasema, "la nane."